Chema chajiuza, lakini si kikiwa chini ya kitanda

Shangazi, assalaam alaykum warahmatullah.

Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu nina makasha tisa ya vitabu chini ya kitanda, na kila nikilala nahisi nimelalia pesa za karafuu.

Nilichukua miaka minne kuandika riwaya, usiku watoto wakishalala, kwanza kwenye madaftari ya skuli, halafu kwenye kompyuta ya kuazima. Inamhusu binti mmoja wa upande wa Konde. Baba yake aliondoka kwenda Muscat yeye akiwa na miaka sita, akaahidi kurudi karafuu zikishaanikwa. Karafuu zikaanikwa misimu kumi na tatu. Siku ya harusi ya binti, wanawake wamejaa ndani, mtu akabisha mlango wa uani. Sisemi zaidi.

Mswada niliupeleka kwa mchapishaji mmoja wa bara. Akanijibu kwa adabu kwamba kazi imempendeza, kisha akauliza: una wafuasi wangapi mtandaoni? Nilikuwa na watu 212 Facebook, nusu yao wanafunzi wangu wa zamani, waliobaki jamaa. Nikamwambia ukweli. Hakunijibu tena. Msimu uliopita mikarafuu yangu ya urithi ikazaa vizuri, nikaichukua pesa ile nikachapisha mwenyewe nakala 500 Dar es Salaam, zikaja kwa boti. Huu ni mwezi wa saba. Zimetoka 61. Katika hizo, 38 nimegawa bure, maana kila jamaa akiniona ananiambia "hongera, yangu iko wapi?" Kumi na tano nimekopesha na pesa sijaiona. Nane ndizo zilizonunuliwa taslimu, na mbili kati ya nane hizo nimekuja kugundua alinunua mume wangu kwa siri, akamtuma mtu, ili nisivunjike moyo.

Sasa kila mtu ana lake. Mdogo wangu aliyeko Unguja anasema nifungue TikTok na Instagram, nijioneshe sura, niseme kila kinachovuma. Mume wangu hakatai kitabu, lakini hataki sura yangu itembee kwenye simu za watu, na kusema kweli hata mimi mwenyewe sitaki. Mama mkwe anaona kujinadi si adabu, kila nikitaja kitabu ananijibu, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Walimu wenzangu wananambia niwauzie wanafunzi, niko nao mkononi. Nilijaribu kuweka picha ya jalada kwenye magrupu 11 ya WhatsApp. Nikapata mashaallah nyingi, hongera na maua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Kwenye grupu la ukoo msimamizi akaniandikia kwamba hapa si sokoni.

Shangazi, mwandishi asiyejulikana anajulikana vipi bila ya kujianika? Au nikubali tu kwamba mama mkwe amesema kweli, na kama kitabu hakitoki basi si chema?

Mwalimu, Wete

*

Mwanangu Mwalimu, waalaykumu ssalaam.

Kabla ya yote, yatoe hayo makasha chini ya kitanda. Leo hii. Sisemi kwa mafumbo: unyevu wa masika unapanda kutoka sakafuni, na mchwa hasomi jalada. Yapange juu ya kichaga cha mbao, shubiri moja kutoka ukutani, na usiyazongeshe plastiki ukafunga, maana karatasi ikifungiwa pamoja na unyevu wake huota ukungu. Mimi zilinipotea nakala themanini za kijitabu changu namna hiyo, katika zile mvua za El Niño za mwaka 1997. Nilikuwa nalala juu yake kama wewe.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Simjibu kwa ukali, mama mkwe ni mama mkwe, na methali hiyo na mie nimelelewa nayo. Ila aliyeisema alikuwa na kitu ambacho wewe huna, nacho ni njia wanayopita watu. Samaki mzuri akiwa dikoni anajiuza, kwa sababu watu wameshafika na vikapu vyao. Samaki huyohuyo ukimfungia chumbani, atanuka tu.

Siku ukikaa naye kunywa chai, mkumbushe habari za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, ambazo bila shaka anazijua kuliko mimi na wewe. Mtoto wa Fumba, aliyezaliwa mwaka 1880 katika nyumba ya kimasikini. Alifinyanga vyungu akavitembeza mpaka mjini, na inasimuliwa kwamba alipokuwa akivinadi, sauti yake ilisikika kabla mwenyewe hajatokea kwenye pembe ya njia. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurikodi, na santuri zilipofika hapa hazikumkuta mgeni. Watu walikuwa wameshaijua sauti, sasa wanainunua. Vyungu vile vilitembezwa. Nani leo Zanzibar atasema Siti alikuwa kibaya?

Na kama mama mkwe anataka mfano wa juzi, mtajie Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa Unguja. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Alipotangazwa kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, vijana mjini hapa walikuwa wakiulizana ni mtoto wa nani huyo, wa mtaa gani. Riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo kisa chake kinakwenda kwenye pwani hii hii na bara ya jirani, ilingoja hadi 2022 ndipo ikapata tafsiri ya Kiswahili. Chema kilikuwepo miaka yote hiyo. Hakikuwa na njia ya kufika kwetu.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nimelijibu. Kitabu kutotoka hakujatwambia kama ni kizuri au kibaya, kwa sababu bado hakijakutana na wasomaji. Kimekutana na jamaa zako, na jamaa ni watu wengine kabisa.

Wenye biashara ya vitabu wana neno lao: jukwaa la mwandishi. Mimi neno hili linanikera kidogo, maana ukisema jukwaa mtu anaona taa, gauni la kumetameta na sura iliyopakwa. Ndiyo sababu mdogo wako anakutuma TikTok. Lakini kinachokusudiwa ni kitu cha kawaida sana. Ni watu wanaokujua kwa maneno yako, na ambao unaweza kuwafikia tena kesho bila ya kumwomba mtu ruhusa. Basi. Wale 212 wa Facebook hawaingii humo, kwa kuwa si wewe unayeamua nani kati yao aone ulichoandika. Anayeamua ni mwenye Facebook. Na siku akaunti ikiibiwa, wote wamekwenda. Ni kiwanja cha watu. Weka meza yako hapo ukipenda, ila usimwage msingi.

Ngoja nikuulize jambo. Kwenye yale magrupu 11 uliweka nini? Jalada. Jalada linasema, "jamani nimeandika kitabu", na watu wakakujibu kinachostahiki kujibiwa, hongera. Kisha tazama ulichoniandikia mimi. Mistari mitano: baba kaondoka, karafuu zimeanikwa misimu kumi na tatu, siku ya harusi mlango wa uani unabishwa, "sisemi zaidi." Mwanangu, chai yangu ilipoa. Hakuna mtu anayetoa pesa kwa sababu wewe umeandika. Anatoa pesa kwa sababu anataka kujua nani kabisha. Habari hiyo umewanyima watu mia kadhaa wa magrupu 11 ukanipa mimi peke yangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua sura ya kwanza, ikate vipande vya dakika saba au nane, isome kwa sauti na urikodi kwa simu. Sura yako haihitajiki. Soma baada ya sala ya alfajiri kabla majogoo na pikipiki hazijashika kazi, ukae karibu na kabati la nguo au kanga zilizotundikwa, maana nguo hunyonya mwangwi. Usirikodi mvua ikinyesha juu ya bati, hata kama unaiona inaleta hisia. Msikilizaji atasikia bati tu. Kila kipande kimalize pale mtu anapotaka kujua kinachofuata. Wewe unajua mahali hapo, umeshanionesha.

Na kwa nini sauti? Kwa sababu watu wako mikono yao ina kazi. Fikiria jioni za msimu, watu wamekaa barazani wamezunguka rundo la karafuu wanachambua, makonyo huku, karafuu huku, mpaka saa nne za usiku. Mikono imekwama, masikio yako wazi. Ni saa ya hadithi hiyo tangu enzi za bibi zetu, na siku hizi inajazwa na redio au simu ya mtu mmoja iliyowekwa juu ya kibao. Iwe ni sauti yako inayotoka kwenye simu ile, inasoma kisa cha karafuu kwa watu wanaochambua karafuu. Haji Gora Haji wa Tumbatu mashairi yake yaliimbwa na kukaririwa na watu ambao hawajashika karatasi yake hata moja. Diwani yake ilipochapishwa mwaka 1994 ilikuta masikio yaliyokwisha kuandaliwa.

Kama kwa mumeo hata sauti ni tatizo, usigombane naye. Mpe asome yeye. Mwanamme aliyetuma mtu kununua nakala mbili kwa siri hatakataa kusoma kurasa nne, na nakwambia sauti ya mume ikisoma maneno ya mkewe itazungumzwa Wete nzima. Jina pia unaweza kutumia la lakabu. Si dhambi wala si uoga. Kitu muhimu ni kwamba ukishalichagua usilibadilishe, liwe lile lile kwenye jalada, kwenye rikodi na kwenye risiti.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulikosea. Nunua laini ya pili, iwe ya kitabu tu. Mwisho wa kila kipande sema: ukitaka kipande kinachofuata, hifadhi namba hii kisha nitumie neno MLANGO. Kuna sababu ya kusema "hifadhi". WhatsApp ina orodha ya matangazo, unayoitumia ujumbe mmoja ukamfikia kila mtu peke yake, kama barua, bila ya kuonana wao kwa wao. Orodha moja huchukua watu 256. Lakini ujumbe haumfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Nimeona waandishi na wauza mabaibui wakituma mwezi mzima wakidhani wamedharauliwa, kumbe hakuna kilichofika. Na aliyejitaabisha kuhifadhi namba na kuandika neno, huyo ameingia mwenyewe. Msimamizi wa ukoo hana la kusema. Akitaka kutoka, mtoe siku hiyo hiyo. Namba zao usimpe mtu, hata muuza simu akikuomba kwa upole.

Majina hayo yaandike pia kwenye daftari la karatasi, na mbele ya kila jina anakoishi na alivyokusikia. Simu huanguka kisimani. Baada ya miezi miwili daftari litakwambia mambo ambayo huyajui sasa, kwa mfano kwamba nusu ya wasikilizaji wako hawako Pemba.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu naona hujakiangalia kitabu chako kwa jicho la mgeni. Umeandika juu ya baba aliyekwenda Muscat. Wako wangapi waliokwenda? Waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wakaondoka tena wengi baada ya 1970 Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwafungulia mlango, na bado wanaondoka. Ziko nyumba Oman ambazo Kiarabu kinasemwa barazani na Kiswahili jikoni. Watu hao wanatamani harufu ya karafuu kwa namna ambayo sisi tuliozikanyaga njiani hatuijui. Tena baadhi yao ndio wale mababa. Watakaokisikia kipande chako watakirusha kwa dada zao Mombasa, Dubai na London, na watabishana usiku kucha kama yule baba alikuwa na haki ya kurudi. Wengine watakasirika. Mtu anayekasirika kwa ajili ya mhusika ameshaingia ndani ya kitabu, mwache.

Wapelekee vitabu kwa njia wanayopelekewa mkate wa ajemi na ubuyu, kwenye begi la mtu anayesafiri. Ulizia nani anakwenda baada ya Idi, mpe nakala kumi na moja, kumi za kuuza na moja yake mwenyewe. Aandike daftarini, utie saini.

Redio usiisahau. Huko kwenu mna redio jamii, Micheweni na Mkoani, ambazo kila wiki zinatafuta kitu cha kusema kwa lugha ya watu. Usiende kuomba "kutangaziwa kitabu". Nenda na dakika kumi zilizokwisha kurikodiwa vizuri na uwaambie unazo nyingine tano. Mtangazaji mwenye saa moja ya kujaza atakupokea kama mvua. Muhammed Said Abdulla, yule wa hadithi za upelelezi, alikuwa mhariri wa magazeti miaka mingi kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka 1960. Msomaji alipoliona jina juu ya jalada hakuanza kuuliza huyu nani. Wewe huna gazeti. Una dakika kumi za Micheweni, zinatosha kuanzia.

TikTok na Instagram? Ukiwa na nafasi. Mdogo wako kama anapenda, mwambie yeye aweke huko vipande vya sauti na picha ya majamvi ya karafuu au mlango wa uani, na chini yake ile namba. Iwe kama kibao cha njiani kinachoelekeza watu nyumbani kwako. Usinunue wafuasi, maana wako wanaouza, na utakachopata ni majina elfu yasiyojua hata Pemba iko wapi.

Wanafunzi wako usiwauzie. Hapa sina maneno mengi. Mzazi akiona mwalimu anauza kitabu darasani anahesabu kuwa alama za mtoto zimo ndani ya bei, hata kama wewe huna nia hiyo. Wape maktaba ya skuli nakala mbili, wapelekee maktaba ya Chake Chake na ile ya Maisara huku Unguja mbili mbili, na watoto watakaokisoma bure watakwenda kuhadithia majumbani. Nakala kama hizi za bure zina kazi. Zile 38 ulizogawa kwa jamaa zilikuwa sadaka, Mungu akulipe, zimalize hapo. Kuanzia leo jamaa akisema "yangu iko wapi", mjibu kwa bashasha: ipo, nimekuwekea, elfu kadhaa tu, nikuandikie jina lako ndani? Saini ya mwandishi ni hila nzuri. Mtu hawezi kuitolea jina kisha asilipe. Wadaiwa 15 nao usiwapigie kelele. Watumie kipande cha tatu, na chini yake namba ya kulipia. Wenye haya watalipa. Wasio na haya hawakuwa na nia tangu mwanzo, futa.

Madeni hayo uyatofautishe na mali kauli, yaani kuacha bidhaa dukani ukalipwa ikishauzwa. Hii ni biashara, na naipendekeza: tafuta maduka mawili, moja Chake Chake na moja Darajani, uache nakala kumi kumi, mwenye duka achukue fungu lake akiuza. Ila iwe kwa maandishi, na siku ya kwenda kuhesabu iwe inajulikana, vinginevyo utakuta kitabu chako kinafungiwa karanga.

Na uzinduzi, nakuomba, usifanye. Mimi nilifanya. Nilikodi ukumbi, nikamwalika mheshimiwa mmoja awe mgeni rasmi, nikapika sambusa mia tatu kwa mikono yangu. Wakaja watu kama 120. Mheshimiwa akachelewa saa mbili, akahutubia juu ya barabara. Sambusa ziliisha zote. Vitabu walinunua watu tisa, na mmoja alirudi kesho yake kuuliza kama anaweza kubadilisha kwa kilichokuwa hakijaingia mafuta. Pesa ile ningenunulia vocha za mwaka mzima. Ukitaka kusherehekea, waite wanawake wa mchezo wenu wa kupeana pesa jioni moja, watandikie jamvi, mwambie mama mkwe akae mbele, uwasomee sura ya harusi kwa mdomo wako. Ukifika pale mlango unapobishwa, funga kitabu uende ukachukue birika. Utaniambia kilichotokea.

Kuna mambo mawili madogo. Tuzo zipo, kama ile ya Mabati-Cornell iliyoanza 2014 ambayo siku hizi inaitwa ya Safal, na ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Soma masharti yao kwa makini, hasa juu ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na upeleke. Kushinda si mkononi mwako, lakini hata kuingia kwenye orodha fupi ni sentensi moja nzuri ya kumwambia mtangazaji. Na la pili, usiku wa kutuma vipande uwe mmoja kwa wiki, usibadilike. Mimi ningechagua Jumamosi. Usitume kila siku. Mtu anayebisha hodi kila siku, watu hujifanya hawapo.

Yule mchapishaji usimkasirikie. Aliuliza vibaya, lakini swali lake lilikuwa la haki: pesa anatoa yeye, anataka kujua kama kuna anayengoja. Wewe ulimjibu 212. Miezi kumi ijayo, ukiwa na mswada wa pili (kwa sababu nataka uanze kuuandika sasa, hata ukurasa mmoja kwa usiku, mtu anayengoja wasomaji mikono mitupu huingiwa na uchungu), mjibu kwa daftari: watu kadhaa wamehifadhi namba yangu wenyewe, kadhaa kati yao wamelipa, wa Pemba ni hawa, wa Unguja hawa, wa Oman hawa, na wameshaanza kuniuliza kitabu kinachofuata kinahusu nini. Wakiwa 150 tu wa namna hiyo, ni kitu. Mwandishi mwenye laiki elfu tano hawezi kumwambia hayo.

Usitazamie makasha tisa yaishe kwa msimu mmoja. Ukimaliza matatu ndani ya mwaka, umeshinda wengi ninaowajua, nikiwemo mimi. Wiki mbili za mwanzo utapata MLANGO sita au saba, na nne kati yao zitakuwa za dada zako. Endelea kutuma. Kipande cha tatu ndicho huanza kutembea chenyewe, watu wakishajua kwamba Jumamosi kitakuja.

Nakala yangu nitumie kwa boti ya Jumatano. Usinipe bure, niandikie bei na nauli pamoja, na jina langu ndani. Nami nakuomba kitu kimoja: katika barua utakayoambatisha, usinidokeze aliyekuwa nyuma ya mlango. Nimeshamwambia muuza kahawa wa hapa kwetu mistari yako mitano, naye kanishika hanipi kikombe mpaka nimletee jibu.